Maswali ya wasomaji: Homoni na kinga ya mwili ndani ya tone la jasho

Tangu tulipogusia vifaa vya kubandika kwenye ngozi vinavyosoma kilichomo ndani ya jasho, barua hazijakatika. Tumechagua zile ambazo swali lake limeulizwa na wengi.

Binamu yangu aliye Dubai amenitumia tangazo la saa "inayopima kortisoli kwa jasho" na kukupa alama ya msongo kuanzia 0 hadi 100. Kazi imenielemea, nataka kuinunua. Mnanishauri nini? (Msomaji, Mombasa)

Kabla ya kutuma hela, tafuta picha ya mgongo wa hiyo saa. Ukiona taa za kijani zilizofunikwa kwa kioo na hakuna kingine, saa hiyo hailipimi jasho. Taa zile husoma mapigo ya moyo, kisha programu hukokotoa msongo kwa kuangalia jinsi muda kati ya pigo na pigo unavyobadilika. Kipimo hicho kina faida yake, ila kukiita kortisoli, yaani homoni ya msongo, ni uongo.

Kortisoli ni molekuli. Haipimwi mpaka jasho lenyewe liguse kitu kinachoinasa, na kitu hicho hutumika kikachoka. Kwa hiyo kifaa cha kweli lazima kiwe na sehemu ya kutupa na kubadilisha: kibandiko, ukanda au katriji. Tangazo lisilosema unabadilisha nini na baada ya muda gani, liache lipite.

Vingi vilivyofika madukani hadi sasa ni vya maji na chumvi. Mfano ni kibandiko cha Gatorade kiitwacho Gx, kilichoanza kuuzwa Marekani mwaka 2021: jasho linaingia kwenye vijifereji, rangi inabadilika, unakipiga picha kwa simu. Upande wa homoni, kazi nzuri ipo lakini iko vyuoni. Stanford walionyesha kibandiko cha kortisoli mwaka 2018, kundi la Wei Gao wa Caltech wakatoa chao cha grafini (kaboni nyembamba inayopitisha umeme) mwaka 2020, na UCLA wakaja na saa ya majaribio mwaka 2022. Kutoka hapo hadi namba ambayo daktari anaweza kuitegemea ni safari nyingine. Na kama kuna anayekuuzia saa au pete inayosoma sukari bila kutoboa ngozi, jua kwamba mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo Februari 2024 kuwa haijaidhinisha hata moja ya namna hiyo.

Halafu kuna suala la wakati wa kupima. Kortisoli hupanda hadi kilele kama nusu saa baada ya kuamka, hushuka mchana kutwa, na hufika chini kabisa karibu na saa sita usiku. Namba moja isiyoambatana na wakati haina maana. Hospitalini hupimwa damu saa mbili asubuhi, au mate saa tano usiku, pale daktari anaposhuku tezi za adrenali, zile zilizo juu ya figo zinazotengeneza kortisoli, zina kasoro. Kuelemewa na kazi peke yake si sababu ya kupima, na namba haitakupunguzia kazi.

Shikamooni. Niko mwaka wa mwisho wa uhandisi, Dar es Salaam. Mradi wangu ni kihisi cha kortisoli kwa jasho. Naomba kujua sehemu zake na mahali wenzangu wanapokwama.

Marahaba. Chora njia ya jasho kwanza, elektrodi baadaye. Wanaoanza na elektrodi huishia na kifaa kinachofanya kazi ndani ya bika, chombo cha kioo cha maabara, tu.

Piga hesabu hii. Mtu mzima anayekimbia hutoa takriban lita 1 ya jasho kwa saa. Ukiigawa kwenye ngozi yenye mita za mraba 1.8 hivi, unapata karibu mikrolita 0.9 kwa kila sentimita ya mraba kwa dakika. Tuseme tundu la kibandiko chako linafunika nusu sentimita ya mraba, na mfereji una upana wa milimita 0.2, kina cha milimita 0.2 na urefu wa milimita 50. Ujazo wake ni mikrolita 2. Kwa mkimbiaji utajaa kwa dakika nne au tano. Kwa mtu aliyekaa kwenye kiyoyozi, jasho likipungua mara ishirini, utahitaji karibu saa moja na nusu, na namba itakayotokea saa nne asubuhi itakuwa ya jasho lililoanza kutoka saa mbili unusu, la mwanzo na la mwisho yakiwa yamechanganyika. Ndiyo maana kasi ya jasho lazima ipimwe na kifaa hichohicho. Fupisha mfereji, weka tundu la hewa mwishoni, la sivyo hewa iliyonaswa ndani italizuia jasho kuingia. Kwa malighafi, gundi ya kitabibu yenye pande mbili na filamu ya plastiki ya PET, zote zikikatwa kwa leza, zinatosha.

Mtego wa pili ni jinsi unavyolipata jasho. Ukimkimbiza mtu ili atoe jasho, umempandishia kortisoli unayotaka kuipima. Maabara hukwepa hilo kwa ayontoforesisi: mkondo mdogo wa umeme husukuma pilokapini au kabakoli ndani ya ngozi, tezi za pale tu zinatoa jasho na mtu ametulia kitini. Mbinu hii ni ya tangu 1959. Gibson na Cooke waliileta ili kupima kloraidi kwa watoto wanaoshukiwa kuwa na sistiki fibrosisi, ugonjwa wa kurithi unaoathiri mapafu, na hospitali zinaitumia mpaka leo. Mpangilio mmoja wa kawaida ni miliampia 1.5 kwa dakika tano, kisha jasho hukusanywa dakika 30. Kloraidi ikifika milimoli 60 kwa lita au zaidi, daktari ana msingi wa kutaja ugonjwa. Hicho ndicho kipimo cha jasho chenye heshima kuliko vyote katika tiba, na tazama: kinapima chumvi. Usijaribu haya bwenini kwa betri ya volti 9. Elektrodi ikigusa ngozi bila jeli ya dawa, inaunguza, na mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo hapaswi kuguswa kabisa. Kibali cha kamati ya maadili kitangulie.

Sasa elektrodi. Unahitaji tatu: ya kazi, ya marejeo (fedha iliyopakwa kloraidi ya fedha) na ya kukamilisha mzunguko. Unaweza kununua zilizochapwa tayari, au ukachora grafini kwa kuichoma filamu ya poliimidi, plastiki inayostahimili joto, kwa leza ya kaboni dayoksaidi. Juu ya elektrodi ya kazi huwekwa kinasaji, yaani kitu cha kuinasa homoni. Kingamwili hunasa kortisoli kwa nguvu, lakini ikishashika haiachii kirahisi, hivyo kila elektrodi hukupa usomaji mmoja. Aptama, yaani uzi mfupi wa DNA wenye umbo linaloikamata molekuli fulani, ikifungwa methilini ya bluu, rangi inayotoa ishara ya umeme, kwenye ncha, hujikunja inaponasa na ishara ya umeme hubadilika. Inaachia pia, kwa hiyo usomaji unaweza kurudiwa. Bei ya sifa hiyo ni kwamba aptama huyumbishwa zaidi na chumvi. Epuka jambo moja linaloonekana katika tasnifu nyingi: kupima kwa kumimina ferisianidi ya potasiamu, kemikali inayotoa ishara ya umeme, kwenye elektrodi. Kwenye bika inapendeza, kwenye mkono wa mtu huwezi kuimimina.

Jasho la majaribio utalitengeneza mwenyewe: kwa lita moja ya maji yaliyochujwa weka gramu 5 za chumvi safi ya maabara, gramu 1 ya urea na gramu 1 ya asidi laktiki, kisha rekebisha pH ifike 6.5 kwa sodiamu haidroksaidi. (Ni mapishi yaleyale yanayotumika kupima nikeli inayotoka kwenye hereni na bangili.) Kortisoli haiyeyuki vizuri kwenye maji, iyeyushe kwanza kwenye ethanoli, miligramu 1 kwa mililita, halafu punguza hatua kwa hatua upate 0, 1, 10, 50 na 100 nanogramu kwa mililita, ethanoli isizidi asilimia 1 mwishoni. Elektrodi tatu kwa kila kiwango, si moja.

Hapa ndipo wengi wanapoona viwango vya chini vikisomeka kama sifuri, wakalaumu kinasaji. Mara nyingi kosa liko kwenye chupa: homoni za aina hii hujishika kwenye kuta za plastiki. Tumia vioo, na uandae viwango siku hiyohiyo. Kosa linalofuata ni kufanya kalibresheni, yaani kulinganisha usomaji na viwango unavyovijua, kwa pH moja na chumvi ya kiwango kimoja, ilhali jasho halisi huwa na pH kati ya 4.5 na 7, na sodiamu kati ya milimoli 10 na 90 kwa lita. Rudia kalibresheni kwenye ncha zote mbili uone mstari unahama kiasi gani. Ukihama sana, kibandiko chako kinahitaji kihisi cha chumvi, cha pH na cha joto pembeni, na programu isahihishe. Mwisho, linganisha na ELISA, kipimo cha maabara kinachotumia kingamwili, ya jasho lilelile kabla hujakimbilia damu. Ngozi nayo hutengeneza kortisoli yake kidogo, na ile ya kwenye damu sehemu kubwa imefungwa kwenye protini. Inayopenya hadi tezi ya jasho ni ile iliyo huru. Damu na jasho vikitofautiana, huenda kihisi hakina kosa.

Natafuta mtoto na mzunguko wangu haueleweki. Nimesikia kuna kibandiko cha estrojeni. Kitanisaidia? (Dada wa Nairobi)

Dada, kipo kwenye maabara. Caltech walichapisha mwaka 2023 kihisi cha estradioli, aina kuu ya estrojeni, kwa jasho, na mafanikio yenyewe yalikuwa kuifikia kabisa, kwa sababu estradioli hata kwenye damu huhesabiwa kwa pikogramu kwa mililita, na kwenye jasho ni chache zaidi. Hakijafika dukani.

Kwa mwezi huu, tumia vilivyopo. Vipande vya kupima LH, homoni inayopanda kabla yai halijatoka, kwenye mkojo huuzwa famasi. Chukua urefu wa mzunguko wako mfupi kuliko yote wa miezi ya karibuni, toa 17. Siku hiyo ndiyo ya kuanza kupima. Mzunguko wa siku 28, anza siku ya 11. Pima mchana au jioni, saa ileile kila siku, na usinywe maji mengi saa mbili kabla, maana mkojo mwepesi huficha homoni. Chovya hadi mstari wa kikomo, usipite, na soma kwa muda ulioandikwa kwenye pakiti, kwa kawaida dakika tano. Mstari unaojitokeza baada ya nusu saa usiuhesabu. Mstari wa kipimo ukiwa mzito sawa na ule wa udhibiti au kuuzidi, yai linatarajiwa kutoka ndani ya saa 24 hadi 36 hivi. Mstari hafifu ni hasi, hata kama moyo unatamani vingine.

Ukipata chanya siku nyingi mfululizo, usifurahi haraka. Wenye ovari zenye vifuko vingi huweza kuwa na LH ya juu muda wote, na vipande huwadanganya. Hapo kipimo cha damu cha projesteroni, homoni inayopanda baada ya yai kutoka, ndicho cha kuuliza, siku kama saba kabla ya hedhi inayotarajiwa. Watu husema "siku ya 21", lakini hiyo ni ya mwenye mzunguko wa siku 28 pekee. Mwenye 35 akipima siku ya 21 ataambiwa hajapevusha yai kumbe hata wakati haujafika. Projesteroni ikizidi nanogramu 3 kwa mililita, yai limetoka.

Na kama uliacha sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu hivi karibuni, mwili huweza kuchukua miezi kadhaa kurudi kwenye mpangilio wake. Mwambie daktari tarehe ya sindano ya mwisho.

Ninaishi na VVU na ninatumia dawa vizuri. Je, kibandiko cha jasho kinaweza kunipimia CD4 au kunionyesha kinga imepanda? (Msomaji, Mwanza)

Hapana, ndugu. CD4 ni seli nzima za kinga zinazoelea kwenye damu. Hazipiti kwenye tezi ya jasho. Wingi wa virusi nao hupimwa kwa damu. Endelea na ratiba ya kliniki yako.

Kinachotafutwa na watafiti kwenye jasho ni alama za inflamesheni, ile hali ya mwili kujibu jeraha au maambukizi. Mbili zinazotajwa sana ni protini ya CRP na IL-6. Kundi la Shalini Prasad, Chuo Kikuu cha Texas, tawi la Dallas, limefanya kazi kubwa kwenye saitokini za jasho (protini kama IL-6 ambazo seli za kinga hutumiana kama ujumbe), na Caltech walichapisha kibandiko cha CRP mwaka 2023. Ugumu wake ni wa aina mbili. Kwanza, hizi ni protini kubwa. Kortisoli ina uzito wa daltoni 362 na hupenya kuta za seli kwa kuwa huyeyuka kwenye mafuta. CRP ina zaidi ya daltoni 100,000, na inayofika kwenye jasho ni mara maelfu chini ya ile ya damu. Pili, seli za ngozi hutengeneza saitokini zao zenyewe. Ukiwa na ukurutu, umeungua jua au umekwaruzwa na gundi ya kibandiko, kihisi kitasoma hasira ya ngozi na wewe utadhani ni ya mwili mzima.

Pia tusichanganye mambo: CRP kupanda hakumaanishi kinga imekuwa imara. Hupanda kwa malaria, jipu la jino, nimonia, hata baada ya mazoezi makali. Huanza kupanda ndani ya saa chache na hufika kilele baada ya siku mbili hivi. Lakini CRP ya damu, ya tone la kidoleni, ina kazi inayokuhusu: tangu 2021 Shirika la Afya Duniani linaipendekeza kama njia mojawapo ya kuchuja kifua kikuu kwa wanaoishi na VVU. Ikizidi miligramu 5 kwa lita, unafanyiwa vipimo vya kifua kikuu vyenyewe. Uliza kama kituo chako kinayo.

Na kwa kuwa swali hili huja pamoja na lingine: VVU haviambukizwi kwa jasho. Kuazimana saa au fulana ya mazoezi hakuna tatizo.

Nakimbia jioni Tanga. Kibandiko changu cha chumvi kinajaa haraka na kubanduka kabla sijamaliza. Nakosea wapi?

Unyevu wa pwani ndio mwenye kesi. Hewa ikiwa imeshiba maji, jasho halikauki, linatiririka. Likipenya chini ya ukingo wa kibandiko, gundi inaachia na jasho la nje linachanganyika na la ndani.

Osha sehemu kwa sabuni isiyo na mafuta, suuza vizuri, kausha, pitisha spiriti ya asilimia 70 na usubiri ikauke yenyewe. Bandika dakika kumi kabla ya kuanza, ukiwa bado mkavu na uko kivulini, upande wa ndani wa mkono chini ya kiwiko. Kandamiza ukingo wote kwa kidole kwa nusu dakika. Nywele zikiwa nyingi, zipunguze kwa mkasi siku moja kabla. Wembe wa asubuhi huacha michubuko. Juu ya hapo funga ukanda wa kitambaa kuzuia jasho la bega lisishuke. Vifereji vikijaa katikati ya mbio, usomaji unaishia hapo. Vyenye ujazo mdogo vimetengenezwa kwa mazoezi mafupi.

Mizani itakusaidia zaidi. Jipime bila nguo, kimbia, jifute, jipime tena. Mfano: umetoka na kilo 62.0, umerudi na 60.8, na njiani umekunywa nusu lita. Umepoteza lita 1.7. Kibandiko kikisema sodiamu ni milimoli 40 kwa lita, hiyo ni gramu 2.3 za chumvi kwa kila lita, karibu gramu 4 kwa mbio nzima. Chakula cha jioni chenye chumvi ya kawaida kinarudisha sehemu kubwa. Jihadhari tu usikaushe ndoo ya maji matupu kwa mkupuo.

Dada yangu anatumia krimu ya kung'arisha ngozi, mwili mzima. Akipimwa kortisoli, kwa jasho au damu, jibu litakuwa sahihi? (Zanzibar)

Huenda lisiwe sahihi, na hatari ya krimu yenyewe ni kubwa kuliko ya kipimo. Baadhi ya krimu hizo zina steroidi kali, dawa zinazofanya kazi kama kortisoli, mfano klobetasoli au betamethasoni, mara nyingine bila kuandikwa kwenye boksi. Zikipakwa eneo kubwa kwa miezi, huingia kwenye damu, ubongo ukaona steroidi zimejaa, ukaacha kuamuru tezi za adrenali zitengeneze kortisoli. Kipimo kitasoma chini, na ni kweli iko chini. Kwa upande mwingine, krimu ya haidrokotisoni ni kortisoli yenyewe kwa jina jingine: kibandiko kikiwekwa juu ya ngozi iliyopakwa, kitasoma krimu. Na prednisoloni ya vidonge inafanana nayo kiasi kwamba vipimo vingi vya kingamwili huichukulia kuwa kortisoli.

Asiiache ghafla. Aliyetumia kwa muda mrefu akikatisha siku moja anaweza kuishiwa nguvu, kutapika, presha kushuka na kuzimia, hasa akipata homa. Aende hospitali na boksi la krimu mkononi, aseme ni mara ngapi kwa siku, maeneo gani na kwa muda gani, na aombe apimwe kortisoli ya damu saa mbili asubuhi. Akianza kutapika au kuhisi kuzimia, asisubiri asubuhi. Aende usiku huohuo.